Unabadilishana Visu? Piga Hesabu ya Pesa ya Juu

Kuna wanaokusanya stempu, kuna wanaokusanya saa, na kuna wale wa visu vya mfukoni. Raha ya visu ni kwamba huhitaji pesa nyingi kuanza. Unachukua kimoja cha bei rahisi, unampata mwenzako anayekitaka, unamwongezea kitu kidogo juu, unaondoka na kizuri zaidi. Leo una kisu kisicho na jina, kesho Opinel ya Ufaransa yenye mpini wa mbao, kesho kutwa Victorinox nyekundu ya Uswisi.

Huenda umesikia ya Kyle MacDonald wa Kanada. Alianza na klipu moja nyekundu ya karatasi mwaka wa 2005, akabadilishana mara 14, na 2006 akapata nyumba! Lakini yeye alibadilisha kitu kwa kitu. Sisi wengi huongeza pesa, na hapo ndipo hesabu hupotea.

Tuseme kisu cha kwanza ulinunua Sh500. Ukaongeza Sh300, halafu Sh700, halafu Sh1,000. Kichwani unakumbuka ile elfu ya mwisho tu. Ukweli ni kwamba umetoa Sh2,500, na hapo bado ada za kutuma. Kama dukani kisu hicho hicho kipya ni Sh2,200, basi hujapanda, umezunguka tu.

Kabla ya kukubali dili ijayo:

- Jumlisha zote. Fungua taarifa ya miamala kwenye simu yako, utafute kila pesa uliyotuma kwa ajili ya kisu hicho, pamoja na ada.
- Kagua kwanza, tuma baadaye. Kifungue na kukifunga. Kwa Victorinox, tafuta jina lililochongwa kwenye bapa karibu na mpini. Kwa Opinel nambari 8, zungusha pete ya chuma uone kama inazuia kisu kujikunja.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha malipo.
- Ukiwa wewe ndiye unalipwa, angalia salio. Ujumbe wa kupokea pesa unaweza kuwa feki. Usitoe kisu mkononi kabla salio halijaongezeka.
- Usitume pesa ya kushikia kisu ulichoona kwa picha tu.

Kisu kizuri kitapatikana tena. Pesa ikishaenda kwa tapeli, kuirudisha ni kibarua.