Tope la vyoo vya soko: kulilisha mtambo ni kazi kuliko kuujenga



Swali moja linarudi kila tunapokaa nanyi: je, tope la vyoo vya soko linaweza kutupa moto wa kupikia na mbolea ya shamba? Jibu ni ndiyo. Lakini koperativi nyingi zinapiga hesabu ya simenti, matofali na fundi, halafu zinasahau hesabu ya kila siku: mtambo utakula nini, kiasi gani, na nani atausimamia. Hapo ndipo mitambo mingi ya biogazi inakufia.

Tangu kasiterite ya Bisie ilipoanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mubi imepokea watu wengi kuliko vyoo vyake. Mashimo yanajaa, mvua inanyesha, tope linashuka mtoni, na kule chini kuna anayechota maji. Kipindupindu sisi wa Kivu tunakijua, hatuhitaji kufundishwa. Na makala kila mwaka yanatoka mbali zaidi, maana msitu wa karibu umekwisha kukatwa. Kwa hiyo hii kazi si ya mchezo.

Mfano wa karibu

Mwaka 2001, gereza la Cyangugu, ng'ambo ya Bukavu huko Rwanda, lilianza kupikia gesi ya vyoo vyake. Kazi iliongozwa na chuo cha ufundi cha Kigali, KIST. Walijenga matangi chini ya ardhi, yenye umbo la mzinga wa nyuki, wakayaunganisha moja na lingine. Magereza mengine yakafuata, na mwaka 2005 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden ya Uingereza. Gesi ilichukua karibu nusu ya kuni za jikoni, na maji ya mbolea yalikwenda mashambani. Tuangalie vizuri: ni nusu, siyo zote. Na gereza liko na watu maelfu, wale wale, kila siku. Mtambo wake haukosi chakula hata siku moja.

Kwetu sisi hesabu ni ndogo. Haja kubwa ya mtu mmoja kwa siku inatoa karibu lita 20 hadi 30 za gesi. Watu 100 wanatoa meta kibu 2 hadi 3, sawa na kilo 3 hadi 4 na nusu za makala. Inatosha restora ndogo ya soko. Mtaa mzima hautapikia gesi hiyo, na anayewaahidi hivyo anawadanganya.

Mtambo ni tumbo

Ndani ya tangi hakuna hewa. Vijidudu vinakula tope na kutoa gesi ya metani, ile inayowaka. Ni tumbo kabisa: ukililisha vibaya, linaugua. Haya manne ndiyo yanaongeza gesi.

Kwanza, tope liwe bichi. Tope la shimo lililokaa miaka 3 au 4 limekwisha kuoza lenyewe chini. Gesi yake imekwenda zamani. Tena limejaa mchanga, chupa na vitambaa. Msinunue tope la namna hiyo kwa kutafuta gesi. Choo cha soko kiungwe moja kwa moja na tangi.

Pili, maji yapungue. Tuseme tangi lenu ni la lita 12,000. Mkiingiza bidoni 10 za lita 20 kila siku, tope linakaa ndani siku 60. Watu wakimwaga maji ovyo, ikawa bidoni 20, linakaa siku 30 tu, linatoka halijaiva. Maji hayaongezi gesi, yanasukuma chakula nje. Tope liwe kama uji mwepesi.

Tatu, tuchanganye chakula. Vijidudu vinapenda kaboni 20 hadi 30 kwa azoti 1. Kinyesi cha mtu kiko karibu 8 kwa 1, na mkojo unaishusha zaidi. Azoti ikizidi, harufu ya mkojo inakuwa kali na gesi inapungua. Dawa yake iko hapa hapa sokoni: maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, samadi ya ng'ombe kwa aliye nayo. Maganda ya mihogo pia yanafaa, lakini yakatwekatwe, yakaushwe juani, na muanze na ndoo moja ndogo kwa siku, maana yanaleta uchachu haraka. Maji ya kulowekea mihogo msiyamwage ndani kamwe. Ni makali na yana sumu.

Nne, kila siku kiasi kile kile. Kukaa wiki bila kulisha, halafu kujaza yote siku moja, ndiyo kuua mtambo. Moto ukianza kuzimika na tope likinuka uchachu, acheni kulisha kwa wiki moja, kisha muanze tena kidogo kidogo pamoja na samadi mbichi ya ng'ombe. Javeli ya kusafishia choo isiingie tangini, maana inaua vijidudu vinavyotufanyia kazi.

Joto la Mubi linatusaidia. Masisi ya juu, kwenye baridi, tope lile lile linahitaji siku nyingi zaidi.

Mbolea: tusiharakishe

Tope likitoka tangini bado lina hatari. Mayai ya minyoo hayafi yote mle ndani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, linasema kwa nchi za joto kama yetu tope likauke na kukaa zaidi ya mwaka 1 bila kuongezewa bichi. Au lipikwe ndani ya lundo la mboji linalopita joto la digrii 50 kwa wiki nzima. Baadaye liende kwenye ndizi, michikichi na kahawa. Lenga-lenga na nyanya hapana. Na kati ya kuweka mbolea na kuvuna upite mwezi 1. Mteja mmoja akiugua kwa mboga zenu, soko lote litawakimbia.

Na mtu asiingie ndani ya tangi, hata likiwa tupu. Gesi ile inaua mtu kabla hajaita msaada. Wala mtu asichungulie na kiberiti.

Kabla ya kununua simenti

Huko Kibera, Nairobi, vikundi vya mtaa vinasimamia vyoo vyenye mtambo chini yake. Anayeingia analipa kidogo, na pesa hiyo inalipa wasafishaji. Bila mtu wa kulipwa, mtambo hauna mwenyewe.

Basi fanyeni hivi: kwa siku 14, kamati ihesabu watu wanaoingia choo cha soko na bidoni za maji zinazotumika. Iandike pia ndoo za maganda zinazotupwa. Mkiona watu hawafiki 100, jengeni choo kizuri na sehemu ya mboji, muache gesi kwanza. Mkiona wanapita, leteni daftari hilo kwenye mkutano wa koperativi, tupige hesabu ya tangi pamoja.