Kompyuta Kuukuu Mjini Bujumbura: Marekebisho Yanayookoa Muda

Katika ofisi, shule na maduka ya kuchapa na kunakili hati mjini Bujumbura bado zimo kompyuta za mezani ambazo mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoziwezesha programu nyingine kuitumia mashine, umekwisha kuachwa na waliouunda. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Na kwa kuwa Windows 11 hudai prosesa ya miaka ya karibuni pamoja na kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, mashine nyingi za zamani haziwezi kuipokea. Mwenye mashine ya namna hiyo, akitaka kubaki na Windows, hana budi kuurekebisha mfumo alio nao, na mara nyingi huanzia pasipofaa: hubadilisha picha, rangi na sauti, ilhali muda wake unapotelea kwenye mipangilio iliyowekwa kwa ajili ya mtumiaji wa nchi nyingine.

La kwanza kutazamwa ni kibodi. Mashine iliyotumika Ulaya kabla ya kufika Burundi huweza kuja na kibodi ya AZERTY ya Ufaransa au ya Ubelgiji, na hizi mbili, ingawa herufi zake zimepangwa vilevile, hutofautiana katika alama: ile alama ya @ ya anwani za barua pepe hupatikana kwa AltGr na kitufe cha 0 kwenye kibodi ya Ufaransa, lakini kwa AltGr na kitufe cha 2 kwenye ile ya Ubelgiji. Iwapo mfumo umewekewa mpangilio wa tatu, yaani QWERTY, herufi A hubadilishana nafasi na Q, na Z na W, na hapo nywila iliyo sahihi hukataliwa bila maelezo yoyote. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika intl.cpl, kisha kuufuta kila mpangilio usiolingana na kibodi iliyopo mezani, kwa sababu ikibaki miwili, kugusa Alt na Shift kwa pamoja bila kukusudia kwatosha kuihamisha kibodi katikati ya sentensi. Amri fupi za aina hii zina faida kubwa katika mji ambao mashine moja huongea Kifaransa na jirani yake Kiingereza, kwani majina ya menyu hubadilika kwa lugha, lakini amri hazibadiliki.

Saa nayo ina mtego wake, na huu ni mgumu kuugundua. Bujumbura hufuata saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa 2, na huwa hivyo mwaka mzima. Brussels huwa mbele kwa saa 2 wakati wa kiangazi tu, kisha hurudi nyuma saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kompyuta iliyoachwa kwenye majira ya Brussels itaonyesha saa sahihi tangu mwisho wa Machi, ikaaminiwa na kila mtu, halafu itakosea ghafla karibu na Novemba, na mwenyewe ataanza kushuku virusi. Amri timedate.cpl hufungua mahali pa kuchagua majira, na katika orodha ya Windows yanayofaa ni yale yaliyoandikwa Harare na Pretoria. Ikiwa tarehe yenyewe hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, kasoro haimo katika mfumo bali katika betri ndogo ya duara iliyo ndani ya mashine, ambayo kwa kawaida ni ya aina ya CR2032. Tarehe ikiwa mbovu, tovuti salama hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vina muda maalumu wa kutumika.

Wahasibu wana adha nyingine. Mfumo uliowekewa desturi za Ufaransa huitumia koma kutenga desimali na nukta-mkato kutenga orodha, hivyo jedwali lililotumwa kutoka Nairobi au Dar es Salaam kama faili la maandishi linalotenganishwa kwa koma hufunguka katika Excel likiwa limejazana katika safu moja. Alama hizo hubadilishwa katika intl.cpl hiyohiyo, kwenye mipangilio ya ziada, ila haifai kabisa koma ipewe kazi zote mbili.

Ili mashine iwake upesi, programu zinazojianzisha zenyewe zipunguzwe: katika XP na 7 kwa amri msconfig, na katika 10 kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc. Mapambo ya madirisha nayo huzimwa kwa sysdm.cpl.

Kuhusu umeme, ambao hukatika bila taarifa, kompyuta inaweza kufundishwa kulala kabisa, yaani kuhamishia kwenye diski kuu kila kilichokuwa wazi na kujizima, ili ikiwashwa tena kazi iendelee palepale. Kitendo hiki kikiunganishwa na kitufe cha kuwashia mashine kupitia powercfg.cpl, na kama ipo betri ya akiba inayotoa dakika chache tu, mbonyezo mmoja huokoa kazi ya asubuhi nzima.

Marekebisho haya yote hayaizibi mianya ya usalama iliyoachwa wazi. Mashine ya XP au 7 ni salama zaidi ikitengwa na intaneti na kubakizwa kwa uchapaji. Ile inayohitaji mtandao inaweza kuhamishiwa kwenye mfumo endeshi mwingine, Linux Mint ya toleo la Xfce, ambayo ni huru, haiuzwi, na hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Nayo huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa, pamoja na kibodi, printa na saa, kabla ya kugusa chochote kilichomo ndani ya diski kuu.