Pikapu Ikidunda Nyuma: Pima Kabla ya Kuongeza Springi

Msimu wa viazi unapofika Timau, Kisima na Kibirichia, kazi kubwa ya kutoa mazao shambani hufanywa na pikapu. Gari hupanda barabara ya marram asubuhi likiwa tupu, kisha hushuka hadi kwenye lami ya Nanyuki–Isiolo likiwa limejaa magunia. Baada ya misimu michache, wenye magari wengi huwa na lalamiko moja: sehemu ya nyuma inadundadunda, na kwenye kona zenye migongomigongo mkia wa gari unahama upande.

Dawa inayotolewa haraka gereji ni kuongeza jani moja au mawili ya springi, au "lifu" kama mafundi wanavyoyaita. Mara nyingi dawa hiyo haitibu ugonjwa. Inaweza kuzidisha mdundo gari likiwa tupu, na katika baadhi ya pikapu ikapunguza nguvu ya breki za nyuma. Ndiyo maana mwenye gari anashauriwa kutafuta chanzo kwanza, kisha atoe pesa.

Springi na shokabzoba hazifanyi kazi moja

Pikapu nyingi huwekwa nyuma springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kubeba uzito. Shokabzoba hazibebi mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi baada ya gari kupita kwenye shimo au tuta. Ndani ya shokabzoba mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia matundu madogo. Mafuta hayo hupita kwa shida, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto.

Shokabzoba ikifa, springi hubaki bila wa kuizuia. Itapanda na kushuka mpaka ichoke yenyewe. Wakati huo gurudumu linakanyaga barabara kwa nguvu, kisha linaiachilia, tena na tena. Gurudumu lisilokanyaga barabara halifungi breki wala halishiki kona. Kwa gari linaloteremka kutoka Timau kuelekea njiapanda ya Subuiga, mvua ikinyesha na malori yakija kwa upande wa pili, hilo si suala la starehe tu.

Hata hivyo, si kila mtikisiko ni hitilafu. Springi za pikapu zimeundwa kubeba takriban tani moja, kwa hiyo gari likiwa tupu huwa ngumu. Pikapu nzima ikipita kwenye tuta hugonga mara moja kwa ukavu, kisha hutulia. Pikapu yenye kasoro huendelea kupanda na kushuka baada ya tuta kupita. Tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kuangaliwa.

Anza na upepo na matairi

Kipimo cha kwanza hakina gharama kubwa. Kwenye fremu ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari, huandikwa kiasi cha upepo kinachofaa. Kwa pikapu nyingi, tairi za nyuma zina viwango viwili: cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Dereva aliyejaza upepo wa mzigo kisha akarudi tupu ataruka njia nzima ingawa hakuna kilichoharibika. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, tairi zikiwa baridi.

Pili, zungusha kila tairi na uitazame. Tairi yenye uvimbe, au isiyo duara sawasawa, hutikisa gari hata kwenye lami laini, na mtikisiko huongezeka gari linapofikia mwendo fulani. Huo si mdundo wa springi. Lakini tairi ikiwa na mabondemabonde kuzunguka uso wake, mara nyingi ni alama kwamba shokabzoba imekufa muda mrefu na gurudumu limekuwa likirukaruka.

Kipimo cha bampa

Simamisha gari mahali tambarare, zima injini na uweke breki ya mkono. Kwa kuwa springi za pikapu ni ngumu, mkono wa mtu mmoja hautoshi. Watu wawili wasimame juu ya bampa ya nyuma, upande mmoja, waisukume chini mara tatu au nne kwa kufuata mdundo wake, kisha washuke kwa pamoja. Gari lipande, lishuke kidogo na litulie. Likiendelea kucheza mara mbili au tatu zaidi, shokabzoba ya upande huo inashukiwa. Rudia upande wa pili na ulinganishe.

Kipimo hiki kina mpaka wake: shokabzoba iliyochoka nusu inaweza kukipita. Kwa hiyo endelea hadi chini ya gari.

Kinachotazamwa chini ya gari

Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Liweke juu ya stendi imara, na uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo. Kisha tazama yafuatayo:

• Mafuta kwenye shokabzoba. Unyevunyevu mdogo wenye vumbi unaweza kuwa wa kawaida. Mafuta yanayotiririka kwenye mwili wake yanaonyesha kwamba sili imekwisha.

• Bushi na boliti za shokabzoba. Mpira ukiisha au boliti ikilegea, hata shokabzoba mpya haitafanya kazi, na utasikia mlio wa kugonga.

• Majani ya springi. Tafuta jani lililovunjika, au mstari wa kutu unaokata jani. Gari lililoinama upande mmoja likiwa tupu, kwenye sakafu tambarare, huenda lina jani lililovunjika au springi iliyolala.

• Boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikilegea, ekseli inaweza kusogea, na gari likaenda mshazari huku usukani ukiwa umenyooka.

• Mpira wa kuzuia mgongano kati ya ekseli na chesi. Ukiwa umepondeka au haupo, gari limekuwa likibebeshwa kupita kiasi.

Kipimo cha mwisho hufanywa na fundi. Anafungua ncha moja ya shokabzoba na kuivuta na kuisukuma kwa mkono. Inapaswa kukataa kwa nguvu iliyo sawa mwendo wote. Ikienda bila upinzani, ikiwa na pengo katikati au ikikwama, imekwisha. Zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, ili upande mmoja usitulie huku mwingine ukicheza. Zilizotolewa zisikatwe wala kuchomwa moto, kwani nyingi zina gesi yenye shinikizo ndani.

Kwa nini kuongeza jani si tiba

Kuongeza jani huifanya springi kuwa ngumu zaidi. Shokabzoba iliyokufa hubaki imekufa, na hata iliyo nzima sasa inapambana na springi yenye nguvu kuliko ile iliyoundiwa. Matokeo yake ni mdundo mkubwa zaidi katika safari ya kurudi tupu.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Baadhi ya pikapu zina vali inayopima mzigo, iliyounganishwa kati ya chesi na ekseli ya nyuma. Mzigo ukishusha mwili wa gari, vali huruhusu nguvu zaidi iende kwenye breki za nyuma. Springi zilizoongezwa huuweka mwili juu hata gari likiwa limejaa, na vali hufanya kazi kana kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma hunyimwa nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Mwenye gari aliyekwisha kuongeza majani amwombe fundi wa breki aikague vali hiyo.

Vilevile, springi ngumu haibadilishi uwezo wa ekseli, tairi wala breki. Gari la tani moja hubaki la tani moja.

Hesabu ya magunia

Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka uzito wa juu wa gunia kuwa kilo 50. Hesabu hiyo humsaidia pia mwenye gari: magunia 20 ni kilo 1,000, na uzito wa watu na vyuma vilivyoongezwa nyuma lazima utolewe katika kiwango hicho. Magunia 20 yaliyoongezewa juu hadi kilo 90 kila moja ni kilo 1,800, karibu maradufu ya uwezo wa gari.

Mpangilio nao ni muhimu. Magunia mazito yawekwe mbele, karibu na kabini. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli huinua pua ya gari: usukani huwa mwepesi, na usiku taa humulika macho ya madereva wanaokuja.

Pikapu za biashara zinatakiwa kukaguliwa na NTSA kila mwaka, na kikomo cha mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa. Lakini shokabzoba haisubiri siku ya ukaguzi ndipo ife. Wakazi wanashauriwa kufanya kipimo cha bampa kabla ya kila msimu wa mavuno, na wanapofika gereji wamweleze fundi mambo matatu: mdundo unatokea gari likiwa tupu au limejaa, kwa mwendo gani, na baada ya tuta unaendelea mara ngapi. Fundi akipata majibu hayo, atajua pa kuanzia.