Mume, mke na cc 125: nguvu ya pikipiki ni ya watu wawili

Kama una mume au mchumba mwenye pikipiki, bila shaka hii umeshaisikia: "Hii mashine imechoka bwana, nataka niiongezee nguvu kidogo." Shosti, hilo neno "kidogo" ndilo la kuogopa. Na wewe kaka unayesoma ukurasa huu kwa kuibia, usikunje sura. Leo hatukugombezi. Tunataka uongeze nguvu kweli, ila ujue unanunua nini, na anayekaa nyuma yako naye ajue.

Nianze na ya kwangu. Sisi tunaishi Kibondo. Mume wangu ni mwalimu, shule yake iko nje ya mji. Mimi nafanya kazi ofisini mjini. Pikipiki yetu ni cc 125 ya Kichina, tuliinunua kwa kudunduliza. Asubuhi ananipeleka kazini, kisha anakwenda zake kufundisha. Jioni mambo ni yale yale, tena mara nyingi na kiroba cha unga katikati yetu.

Sasa, nyumba yetu iko juu ya mlima. Kila jioni tukifika pale kwenye mwinuko, pikipiki inaanza kulia, anashusha gia mpaka ya pili, na vijana wa bodaboda wenye Boxer za cc 150 wanatupita huku wanapiga honi. Mimi nilikuwa nacheka. Yeye hakuwa anacheka.

Jumamosi moja akaniambia amepata kijana wa gereji atakayemfungia bloku ya 150, ang'oe chujio la hewa ili injini "ipumue", na aweke eksozi ya wazi. Jumla laki nne. Nikamuuliza hizo laki nne zinatoka wapi. Kimya. Kumbe zilikuwa zile za bati.

Siku mbili hatukuongea vizuri. Chai inamiminwa, shikamoo za watoto zinaitikiwa, lakini sisi wenyewe ni "ndiyo" na "hapana" tu.

Kwa nini pikipiki za milimani zinachoka?

Siku ya tatu nikasema basi, twende wote kwa fundi mwingine, tusikie. Huyu ni mtu wa makamo, anamwita mume wangu "mwalimu" na mimi "shemeji". Hakushika spana kwanza. Aliuliza maswali: mnapanda wangapi, mnabeba nini, inakosa nguvu kwenye tambarare au mlimani tu?

Ndipo nikajifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Injini inakula hewa kuliko inavyokula petroli. Kibondo iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo pikipiki ile ile inayokimbia vizuri pwani, ukiileta Kibondo au Kasulu inakuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Haijaharibika. Imebanwa pumzi.

Tena kuna la pili. Hewa inapungua, lakini kabureta iliyosetiwa kwa ajili ya pwani inaendelea kumwaga mafuta karibu yale yale. Mafuta yanazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi kama mkaa, na pesa yako inatoka kwenye eksozi kama moshi. Dawa yake ni jeti ndogo kidogo ya kabureta, siyo bloku mpya.

La tatu ni vumbi letu jekundu. Fundi alipotoa chujio la hewa, jamani! Ungedhani ni tofali linalosubiri kuchomwa. Mume wangu akaangalia chini.

Hizo cc zinaongezwaje?

Wanaume wengi hulizungumza hili kwa mafumbo, kwa hiyo tulifungue. Injini nyingi za cc 125 za Kichina ni nakala za Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliitengeneza makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabebeshwa mzigo mzito na kusahauliwa sevisi. Walichagua injini rahisi, ya kusukuma valvu kwa fimbo, isiyo na mbio kubwa lakini inayodumu. Maana yake, upole wa pikipiki yako siyo ushamba. Ulipangwa, ili isikuache porini.

Kwenye injini hiyo pistoni ina upana wa milimita 56.5 na inatembea milimita 49.5. Hapo unapata kama cc 124. Ukifunga bloku na pistoni ya milimita 62, huku mwendo ukibaki ule ule, unapata cc 149. Ni ongezeko la asilimia 20, na ni la kweli, siyo porojo.

Lakini pistoni kubwa haiji peke yake. Inataka jeti kubwa zaidi. Kwenye baadhi ya injini inabidi mdomo wa chini unaopokea bloku ukerezwe, na hiyo ni kazi ya mashine ya kukereza na mtu anayejua vipimo, siyo ya tupa na kubahatisha. Pistoni nzito huongeza mtikisiko. Klachi ya zamani inaweza kuanza kuteleza. Joto linapanda, na injini inayopozwa kwa upepo tu, ikipanda mlima polepole na watu wawili, upepo wenyewe haiupati. Hapo ndipo watu hunoki injini.

Wengine hupunguza silinda hedi ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi. Nguvu inaongezeka, ndiyo, lakini ukizidisha, petroli inawaka kabla ya wakati wake, unasikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, na pistoni inaweza kutoboka.

Kung'oa chujio je? Kwa barabara zetu, huko ni kuilisha injini mchanga. Ringi zinasagika, oili inaanza kuungua, na nguvu uliyoifuata inakimbia. Eksozi ya wazi nayo inaongeza kelele kwanza. Kwenye injini ya kawaida ambayo kabureta yake haijasetiwa upya, inaweza hata kupunguza mvuto wa chini, ule ule unaouhitaji mlimani.

Alichotufanyia fundi

Hakufunga bloku. Alibadilisha chujio na plagi, akaweka jeti ndogo, akaseti valvu nafasi ya milimita 0.08, yaani kama unene wa karatasi moja. Akakaza cheni, akapima kama ringi bado zinabana. Zilikuwa nzima.

Kisha akatoa sproketi ya mbele yenye meno 15, akaweka ya meno 14. Hiki kitu kidogo ndicho kilichonishangaza. Nguvu ya injini haiongezeki hata chembe, lakini mvuto kwenye gurudumu la nyuma unaongezeka kwa asilimia 7 hivi, na mwendo kwenye kila gia unapungua kwa kiasi kama hicho. Kwa watu wanaopanda mlima kila jioni, hiyo ni biashara nzuri. Kwa mtu wa tambarare anayesafiri mbali, siyo nzuri, injini italia njia nzima.

Jioni ile tulipanda mlima kwa gia ya tatu. Boxer bado zilitupita, tusidanganyane. Lakini hazikutupita kwa dharau, na laki nne za bati zilibaki karibu zote.

Breki nazo je?

Tangu lami ianze kutandikwa kwenye barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, vijana wameonja mwendo. Wapenzi wasomaji, tusikilizane hapa. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini kishindo ambacho breki inapaswa kukizima kimeongezeka kwa zaidi ya nusu, asilimia 56. Na breki zako ni zile zile za ngoma, tairi ni lile lile. Nyuma yako yuko mtu ambaye hana usukani wala breki, ana kiuno chako tu.

Hilo ndilo nililomwambia mume wangu usiku ule tulipomaliza kununiana. Sikukasirikia laki nne peke yake. Nilikasirika kwamba aliamua peke yake jambo litakaloupeleka mwili wangu mimi kwa kasi. Naye akanijibu kitu ambacho hakuwahi kukisema: kwamba kila tulipopitwa pale mlimani nami nikacheka, alihisi namcheka yeye. Mimi nilidhani tunacheka pamoja. Mwaka mzima, na hatukuwahi kuambizana.

Kabla hamjafungua pochi

• Kaeni chini wote wawili, mseme shida ni nini hasa. Ni mlima, ni mzigo, au ni kupitwa? Ya tatu haitibiwi na fundi.

• Fanyeni sevisi kamili kwanza: chujio, plagi, valvu, kabureta, cheni, oili. Injini nyingi "zilizochoka" zimesahauliwa tu.

• Jaribuni sproketi kabla ya bloku. Ni rahisi, na ukijuta unairudisha.

• Kama bado mnataka cc zaidi, pigeni hesabu yote: bloku, pistoni, kukereza, jeti, klachi, breki. Wakati mwingine ni afadhali kuuza ile 125 na kuongezea mnunue 150 iliyotoka kiwandani hivyo.

• Kumbukeni kadi ya pikipiki imeandikwa namba ya injini na ukubwa wake. Mkibadilisha, TRA wajulishwe na bima pia, msije mkakwama siku ya ajali.

• Helmeti mbili. Siyo moja ya dereva na kanga ya abiria.

Sisi sehemu ya zile laki nne ilinunua helmeti yangu. Nyingine imekuwa bati, na mvua za Kibondo mnazijua. Mume wangu bado anaitamani ile bloku ya 150, namwona anavyoiangalia tukipita dukani. Sijamkatalia. Nimemwambia nyumba ikishaezekwa tutakwenda wote kwa fundi, atanieleza kila kitu, na siku ya majaribio mimi nitakaa nyuma.

Amekubali. Ila amesema siku hiyo nisicheke.