Miaka 21 Ndani ya Droo

Konokono wengi wa baharini hawaonwi na mtalii wala mvuvi, kwa kuwa ni wadogo kuliko punje ya mchele. Philippe Bouchet, wa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili jijini Paris, amewashughulikia hao kwa miongo kadhaa. Huko Koumac, New Caledonia, yeye na wenzake walipata spishi 2,738 za moluska katika eneo lisilofika kilomita za mraba 300. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Katika kila spishi tano, moja ilipatikana kwa kielelezo kimoja tu. Kombe la kielelezo kama hicho, la milimita 3, likidondoka sakafuni, ushahidi wote umekwenda na maji.

Kuwapata ni kazi ya mikono. Wazamiaji husugua mawe kwa brashi, hufyonza mchanga kwa pampu, kisha hupitisha kila kitu kwenye chekeche na kukaa na hadubini hadi usiku. Mwaka 2004, kisiwani Panglao, Ufilipino, timu yake ilinufaika na mbinu ya wavuvi iitwayo lumun-lumun: nyavu hufungwa bunda na kuachwa chini ya bahari kwa muda mrefu, nao konokono wadogo huhamia humo. Ujuzi huo wa wavuvi nauhesabu kuwa sayansi kamili.

Akiguswa, konokono hujivuta ndani na kufunga kifuniko. Spiriti ya kumhifadhi haipenyi upesi, vinasaba vikaharibika. Zamani ilibidi kuvunja kombe, na kombe ndilo linalotambulisha spishi. Sasa watafiti humweka kwenye maikrowevu kwa sekunde chache: nyama inabanduka nzima, kombe linabaki salama. Nchani pake bado pana kombe la utotoni, na idadi ya mizunguko yake humwonyesha mtaalamu kama mtoto huyo alielea baharini muda mrefu au alitulia karibu na alipoanguliwa.

Baada ya hapo, droo ya makumbusho. Utafiti wa mwaka 2012 ambao Bouchet alishiriki ulionyesha kwamba, kwa viumbe wa aina zote, kielelezo cha spishi mpya hukaa wastani wa miaka 21 tangu kikusanywe hadi kipewe jina. Wataalamu ni wachache mno, na kila dai la spishi mpya linahitaji kulinganishwa na vielelezo vya zamani vilivyotawanyika katika makumbusho ya nchi mbalimbali. Hivyo anayeandika jina aweza kuwa mtu aliyekuwa angali shule ya msingi konokono huyo alipotolewa majini.