Kuchagua Msumeno Mdogo wa Mkanda kwa Karakana ya Nyumbani

Mkazi anayefanya useremala kwa kujifurahisha katika banda la nyumbani anashauriwa kupima mahitaji yake kabla ya kununua msumeno wa mkanda.

La kwanza ni umeme. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja wa volti 230. Mashine iliyoundwa kwa njia tatu haitafanya kazi hapo. Mota ya kilowati 0.75, yaani takriban nguvu farasi 1, hutosha kwa kazi ndogo.

La pili ni ukubwa. Kipenyo cha magurudumu huweka kikomo cha upana wa ubao unaopita kati ya mkanda na nguzo. Anayekusudia kupasua mninga mnene apime pia kimo kutoka mezani hadi kiongozi cha juu cha mkanda.

La tatu ni mkanda wenyewe. Wa milimita 6 hufuata mikunjo. Wa milimita 13 hunyoosha mpasuo. Mbao nene huhitaji meno makubwa yaliyoachana, ila meno yasiyopungua 3 yawe ndani ya ubao wakati wote.

Kwa mashine iliyokwisha kutumika, mnunuzi achomoe plagi, kisha azungushe magurudumu kwa mkono. Yakiyumba, au mkanda ukichomoka, asilipe.

Wakati wa kazi, kiongozi cha juu kishushwe karibu na ubao, glovu zisivaliwe, barakoa ivaliwe dhidi ya vumbi, na kipande kifupi kisukumwe kwa kijiti. Akiba ya bei haifidii kidole kilichopotea.