Kutoka Nyapara hadi Mkurugenzi: Uongozi Katika Biashara ya Ajira Mpakani

Katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ngazi ya kwanza ya uongozi katika biashara ya ajira haina ofisi wala kibao mlangoni. Ni ngazi ya nyapara. Trela la mahindi au saruji linapofika ghalani, mwenye mzigo hahangaiki kutafuta makuli mmoja mmoja; humpigia simu mtu anayewajua. Mtu huyo huja na vijana wake, hupatana bei kwa gunia, husimama hadi gunia la mwisho lishuke, kisha hupokea pesa na kuzigawa. Kutafuta watu, kuwachuja, kuwasimamia na kuwalipa ni kazi ambazo kampuni kubwa huzigawia idara mbalimbali. Hapa zimo mikononi mwa mtu mmoja. Ule mgao wa jioni ndio unaoamua kama kesho ataitikiwa. Nyapara anayekata zaidi ya alivyosema asubuhi hubaki na simu iliyojaa namba zisizopokelewa.

Biashara hii ina historia chungu, na anayetaka kuiongoza hana budi kuijua. Neno kibarua limetokana na barua: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa katika miji ya pwani karne ya 19, na wengi waliokishika walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ambao walichukua sehemu ya ujira. Bara, serikali ya kikoloni ilitunga mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mmoja alilazimika kubeba kipande chenye kumbukumbu za kazi zake. Mwaka 1919 waraka uliotolewa chini ya Gavana Edward Northey uliwataka maafisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wanaume wa Kavirondo, kama eneo hili la magharibi lilivyoitwa wakati huo, walikuwa miongoni mwa waliotafutwa sana. Hata leo, mtu anayepita vijijini akitangaza kazi ya mbali hutazamwa kwa shaka, na shaka hiyo ina mizizi.

Soko la kazi mpakani hugeuzwa na maamuzi yanayofanyika mbali. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutekeleza eneo moja la forodha, ushuru wa bidhaa nyingi zinazokwenda Uganda ulianza kulipwa kabla mzigo haujaondoka Mombasa. Kazi nyingi iliyokuwa ikifanywa na mawakala wa forodha wa Malaba na Busia ikahamia bandarini. Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ambapo msafiri na gari hukaguliwa mara moja tu, upande wanaoingia. Kilichokuwa riziki ya wengi, yaani muda wa kusubiri, kilipungua. Kiongozi wa ajira hujifunza kusoma mabadiliko ya namna hii mapema: karani wa forodha anayejua nyaraka anaweza kufundishwa kazi ya ghala au ya kufuatilia mizigo, lakini si baada ya kukaa bure miaka miwili.

Kutoka kwa nyapara hadi ofisini, njia hupitia elimu na usajili. Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya mwaka 2012 inamtaka anayefanya kazi hiyo kitaaluma awe amesajiliwa na taasisi ya wataalamu hao na awe na cheti cha kila mwaka cha kufanyia kazi. Elimu ya darasani ina thamani yake, ila haimfundishi mtu kumsaili dereva wa masafa marefu, kugundua cheti cha kughushi, au kuongea na mama wa Kiteso anayeuliza binti yake atalala wapi. Kwa mambo hayo, afisa aliyekulia hapa, anayesikia Kiteso, Kisamia au Kikhayo pamoja na Kiswahili, na Kiganda kidogo cha ng'ambo, ana mtaji ambao mgeni kutoka Nairobi huchukua miaka kuupata.

Sheria ndiyo inayompandisha au kumwangusha meneja. Kwanza ni suala la vibarua. Kwa mujibu wa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, mwenye haki ya notisi. Wapo wanaowaachisha watu siku ya 28 na kuwarudisha baada ya siku tatu. Ujanja huo hauwafichi mbele ya hakimu, na ni dhuluma hata pale usipofika mahakamani. Pili ni suala la kampuni kukabidhi wafanyakazi wake kwa wakala. Katika kesi ya kampuni ya Wrigley mwaka 2013, Jaji James Rika alieleza kwamba mpango huo usitumiwe kukwepa haki ambazo mfanyakazi ameshazipata, na kwamba kazi za msingi za kampuni zibaki kwa kampuni yenyewe.

Tatu ni mpaka wenyewe. Viwanda vya saruji vya Tororo viko karibu na Malaba kuliko mji wowote mkubwa wa Kenya, na ni rahisi kudhani kwamba kumpeleka fundi huko ni sawa na kumpeleka Bungoma. Sivyo. Mkataba uliofanywa Kenya kwa kazi ya nje ya Kenya ni mkataba wa kigeni kisheria, na lazima uthibitishwe na afisa wa kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka, lakini mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 hutakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kazi za nyumbani. Wasichana wengi kutoka Uganda hupitia Busia kwenda kufanya kazi katika nyumba za Nairobi na Kisumu, wengine kwa njia za panya. Wakala anayemsafirisha mtoto kwenda kunyonywa, au anayemhadaa mtu na kumtumikisha, ameingia katika usafirishaji haramu wa binadamu, na sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Meneja anayestahili cheo chake huangalia kitambulisho, huzungumza na mzazi, huacha namba ya simu itakayojibiwa, na hashiki hati za mtu mwingine kabatini mwake hata kwa siku moja.

Kuhusu ada, mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala asimtoze mfanyakazi. Palipo na uhaba wa kazi, kumtoza mtafuta kazi ni rahisi mno, na ndiyo maana msimamo wa mkuu wa kampuni juu ya jambo hili hujulikana mtaani upesi kuliko tangazo lolote.

Ipo pia njia ya utumishi wa umma. Kila kaunti ina bodi ya utumishi, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inaitaka izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa zaidi ya kaunti hiyo.

Wanaofungua kampuni zao wenyewe hukutana na mtihani wa fedha. Chukua wakala mwenye watu 40 ghalani, kila mmoja akilipwa shilingi 700 kwa siku kwa siku 26. Hiyo ni shilingi 728,000 kwa mwezi, kabla ya michango ya pensheni, bima ya afya na nyumba. Ada yake ikiwa asilimia 10, anapata 72,800. Lakini mteja akilipa ankara baada ya siku 60, wakala anatakiwa kutoa mfukoni karibu milioni moja na nusu ili vibarua wasilale njaa. Kampuni nyingi changa hufa hapo, zikiwa na wateja wazuri kabisa kwenye karatasi. Wenye uzoefu hupatana malipo ya kila wiki mbili, au hukataa mteja mkubwa asiyelipa kwa wakati. Na Malaba, ambako foleni ya matrela ikikwama maghala hukosa mzigo, wakala makini huandika ndani ya mkataba nani atamlipa kibarua siku aliyofika saa kumi na mbili asubuhi na lori halikuja.